Kuhesabu Watu, Si Madirisha: Nani Yumo Ndani ya Mashine ya Unix?

Msimamizi wa mashine ya Linux akitaka kujua nani yumo, mkono wake huenda wenyewe kwenye amri ya who. Kwa mtindo wake wa asili, amri hiyo husoma faili la utmp, ambamo kila aliyeingia huandikiwa jina, terminali na saa. Enzi za terminali za waya, terminali moja ilikuwa mtu mmoja. Mazingira ya picha yameivuruga hesabu hiyo. Tuseme Asha ameingia, akafungua madirisha matatu ya xterm. Jina lake laweza kutokea mara nne: mstari mmoja wa :0, yaani skrini yenyewe, na mitatu ya pts/0 hadi pts/2. Akiyafunga na kufungua GNOME Terminal, hubaki mstari mmoja, maana programu hiyo siku hizi haiandiki chochote katika utmp. Asha ni yule yule. Ndiyo maana nadai kwamba kipimo cha uwepo wa mtumiaji kiwe kikao kinachosajiliwa pale anapothibitishwa, si dirisha analofungua baadaye.

Udhaifu wa dirisha unaanzia kwenye ruhusa. Ili xterm iandike utmp, hupewa haki za kundi la faili hilo au hupitia kisaidizi kama utempter; kwa maneno mengine, programu ya mtumiaji wa kawaida hukabidhiwa kalamu ya daftari la wote. Ikiuawa kwa ishara ya 9, haipati nafasi ya kufuta rekodi yake, na chombo kisichokagua kama namba ya mchakato bado ipo kitamhesabu mtu aliyekwisha kuondoka. Kwa systemd-logind, huduma ya systemd inayosimamia vikao, mambo ni tofauti: moduli ya pam_systemd husajili kikao wakati wa kuingia, na loginctl humwonyesha Asha akiwa na kikao kimoja cha picha kwenye seat0, awe na dirisha moja au kumi.

Watetezi wa utmp husema, kwa haki, kwamba si kila mfumo una systemd. Lakini utmp nayo haipo kila mahali: FreeBSD iliacha muundo wa zamani tangu toleo la 9.0, na katika maktaba ya musl, inayotumiwa na Alpine Linux, vitendaji vya utmp havifanyi kazi yoyote. Hata kwenye maktaba ya glibc ya x86-64, saa ya rekodi hizo ni ya biti 32, na siku moja itafurika. Pingamizi zito zaidi ni kwamba shell iliyo ndani ya GNOME Terminal huendeshwa chini ya meneja wa mtumiaji wa systemd, nje ya cgroup (kundi la michakato) ya kikao cha skrini. Ni kweli, na anayetaka kujua mchakato fulani ulitoka kikao kipi atakwama hapo. Ila swali hilo ni jingine: kujua kama Asha yumo hakuhitaji kujua shell yake imekaa wapi. Wanaotuma ujumbe kwa amri ya write wana sababu ya kutaka orodha ya terminali, nao waachiwe. Ila orodha hiyo isitumiwe kuamua kama kuna mtu ndani, na hivyo kama mashine inaweza kuzimwa.