Moto Kichaa Ngara na Biharamulo: Namna ya Kusoma Kumbukumbu za Satelaiti



Anayetaka kujua kama moto kichaa unaongezeka au unapungua katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera ana pa kuanzia: ramani za kila mwezi za maeneo yaliyoungua, zitokanazo na kihisi cha MODIS kilichomo katika satelaiti za Terra na Aqua. Ramani hizo zinaanzia mwishoni mwa mwaka 2000. Hoja yangu ni kwamba, kwa Ngara na Biharamulo, mwaka huo haufai kuwa msingi wa kulinganishia.

Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Kambi nyingine zikafuata, zikiwemo Lumasi na Lukole. Miti ilikatwa kwa kuni na kwa kujengea vibanda. Wanyarwanda wengi walirejeshwa kwao Desemba 1996. Satelaiti ilipoanza kuhesabu, ardhi iliyozunguka kambi ilikuwa bado na jeraha. Mahali palipokatwa miti jua hufika chini, nyasi hushamiri, na zikikauka kati ya Juni na Septemba moto hupata cha kula. Anayechora mwelekeo kuanzia 2001 anaweza kuyachukua matokeo ya ukataji ule akayaita hali ya kawaida. Lazima turudi kwenye picha za satelaiti za Landsat za miaka ya 1980 na 1990. Ni chache, na kovu la moto nyikani hufifia ndani ya wiki kadhaa, lakini zinatuonyesha miti ilikuwa wapi.

Mwaka 2017 mtafiti Niels Andela na wenzake walionyesha kwamba eneo linaloungua duniani lilipungua kwa karibu robo katika miaka 18, hasa kwa kuwa savana zinageuzwa mashamba. Tusiharakishe kuihamishia Kagera habari hiyo. Piseli moja ya ramani ya MODIS ni zaidi ya hekta 20. Mkulima wa ekari mbili hukusanya mabua na magugu, akasubiri upepo utulie, akayawasha saa kumi na moja jioni. Wala Aqua haiuoni ukiwaka, maana huwa imekwishapita; kwa miaka mingi ilipita karibu saa saba na nusu mchana. Ikirudi usiku wa manane inakuta majivu. Moto huo haumo kwenye takwimu. Barani Afrika, taswira za satelaiti za Sentinel-2 za mwaka 2016, zenye piseli ndogo zaidi, zilipochambuliwa, eneo lililoungua lilizidi lile la MODIS kwa takriban asilimia 80. Nyika ikigawanyika kuwa mashamba, basi, sehemu ya upungufu tunaouona huenda ni moto uliopungua ukubwa tu.

Tahadhari nyingine ni ya kiufundi. Kihisi cha VIIRS, kilichorushwa mwaka 2011, huona kwa mita 375 na hunasa mioto ambayo MODIS huikosa. Ukiunganisha hesabu zake za mioto inayowaka na zile za MODIS, mioto itaonekana kuongezeka ghafla bila kiberiti hata kimoja kuwashwa zaidi.

Mapori ya Akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato mwaka 2019. Takwimu za ndani ya mpaka na za vijijini zitenganishwe, maana moto uliopangwa na askari wa hifadhi na moto wa mfugaji anayetafuta majani mabichi huacha kovu lilelile kwenye picha.

Napendekeza kila serikali ya kijiji inayopakana na hifadhi ifungue daftari la moto: tarehe, kitongoji, kilichoungua, chanzo kama kinajulikana, na saa ulipowashwa. Safu ya saa ndiyo itakayotuwezesha kukadiria mioto mingapi huwaka satelaiti zikiwa hazipo juu yetu.