Mabomba ya Breki: Ya Kale au Mapya?

Maneno yaliyosemwa na karani wa chama kimoja cha wakulima huko Nyegezi, Mwanza, mbele ya wazee, waalimu na wenye magari.

Mimi si fundi wa motakaa; kazi yangu ni kalamu na daftari. Nimeombwa kusema nanyi kwa kuwa fundi amesema lake, na mweka hazina amesema lake, nasi hatujapatana. Shauri lenyewe mwalijua: Land Rover yetu kuukuu imefunguliwa magurudumu, nayo imeegemezwa juu ya magogo. Fundi ataka kuvua mabomba yote ya breki, ambayo mafundi huyaita paipu, atie mapya. Wengine wetu wauliza, bomba lisilovuja lina kosa gani hata litupwe?

Swali hilo si la kipumbavu, wala sitalicheka. Kwanza na tutazame kazi ya bomba. Zamani breki za motakaa zilivutwa kwa vyuma na kamba za waya. Mwaka 1917 Mmarekani mmoja, Malcolm Loughead, alipata hati ya serikali kwa breki zinazosukumwa na mafuta, na mwaka 1921 motakaa za Duesenberg zikauzwa zikiwa na breki hizo katika magurudumu yote manne. Dereva akikanyaga pedali, mafuta husukumwa ndani ya bomba jembamba, nayo husukuma breki za kila gurudumu. Gurudumu la motakaa ndogo hutiwa upepo wa ratili kama 30 kwa kila inchi ya mraba. Bali mafuta ya breki, dereva akikanyaga kwa nguvu, huweza kupita ratili 1,000. Basi fikirini ukuta mwembamba wa chuma unaozuia nguvu hiyo.

Tena katika gari kuukuu kama letu mafuta yote hupita njia moja. Likipasuka bomba moja, breki zote zimekwisha. Magari ya siku hizi yana njia mbili, ili moja ikifa nyingine isalie. Huko Marekani sheria iliyalazimisha magari madogo mapya kuwa hivyo tangu mwaka 1968.

Miaka michache iliyopita nalipanda lori moja lililochukua samaki wa chumvi, mwenyewe simtaji. Katika mteremko dereva alikanyaga breki, pedali ikazama kama mguu katika tope. Akatia gia ndogo, akaliingiza lori katika shamba la mihogo, nalo likasimama. Tulipoinama chini yake tuliona bomba limepasuka pale lilipofungwa kwa kibanio. Mahali palipo wazi lilikuwa limepakwa rangi nyeusi, laonekana zima kabisa. Chini ya kibanio, maji ya chumvi yaliyodondoka kutoka kwa samaki yalikuwa yamekaa pamoja na tope, na kutu imelila chuma hata nikalimegua kwa ukucha. Asubuhi ile halikuvuja hata tone moja.

Sisemi kwamba kila bomba la kale ni bovu. Bomba la chuma lililo safi, lisilo na vishimo vya kutu hata chini ya vibanio, na ambalo ncha zake hazikuchakaa, laweza kurudishwa. Lakini letu mmeliona: juu ya ekseli ya nyuma, ukilisugua kwa brashi, vishimo vyaonekana. Hilo halirudi. Mipira inayofika magurudumuni, ikiwa imepasuka-pasuka au imevimba, isijadiliwe hata kidogo. Mpira huweza kuziba kwa ndani, gari likavutwa upande mmoja, na mtu akailaumu usukani.

Kuna aliyeshauri tukate kipande kibovu, tuunge kwa mpira na kibanio, au tuchomee. Ndugu yangu, hiyo ni kazi ya bomba la maji ya bustani. Wala tusinunue shaba tupu kwa sababu yapindika upesi. Mtikisiko huifanya ngumu, kisha ikaatuka. Shaba iliyochanganywa na nikeli ni nyingine, haishiki kutu, na Volvo wameitumia tangu mwaka 1976.

Mafuta nayo yabadilishwe, kwani hunywa maji ya hewani, na sisi twakaa kando ya ziwa. Maji hayo huozesha bomba kwa ndani, tena mafuta yakipata moto mwingi huchemka na kufanya mvuke, pedali ikawa laini. Wala asitie mtu mafuta ya injini humo. Huvimbisha mipira yote.

Nimepiga hesabu: mabomba, mipira, mafuta na ujira wa fundi, vyote pamoja havifiki bei ya matairi mawili mapya tuliyoyanunua bila ubishi. Gari hili ndilo linalopeleka wazazi hospitali usiku. Karatasi ya hesabu hii hapa. Namwomba Mwenyekiti aipokee, apige kura leo, maana fundi asubiri jibu gerejini.