Kufuatilia Habari za Familia ya Wakulima wa Kijerumani katika Kumbukumbu na Tanzia

(Mada iliyosomwa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi)



Katika sura ya pili ya kitabu cha Ezra imo habari ya watu wa ukoo wa makuhani waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Walitafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone, nao wakaondolewa katika ukuhani. Biblia haitaji kosa lolote walilolitenda. Majina yao hayakuonekana kitabuni, basi. Mada hii inahusu vitabu vya namna hiyo: ni nani huandikwa, ni nani huachwa, na mtu anayetafuta habari za waliokufa zamani ataanzia wapi.

Huenda msikilizaji akauliza kwa nini katika Kalemela, mahali pa Wasukuma, mazungumzo yaanzie kwa wakulima wa Kijerumani. Sababu ni kwamba familia hizo ndizo rahisi kuzifuatilia. Tarakimu za serikali ya Kijerumani za mwaka 1913 zinaonyesha kwamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani walikuwamo wazungu 5,336, kati yao Wajerumani 4,107, na wakulima na wenye mashamba makubwa 882. Watu 882 katika nchi yenye mamilioni ya wakazi ni wachache mno. Hata hivyo, karibu kila mmoja wao aliacha nyuma yake karatasi.

Uchukuliwe mfano wa ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walilima na kufuga ndani ya kreta ya Ngorongoro, katika ardhi waliyoikodi kutoka kwa serikali ya Kijerumani. Ngorongoro si mbali na watu wa huku kama ramani za mikoa zinavyofanya ionekane. Mtu akitoka Kalemela akielekea mashariki ataingia Serengeti, na upande wa pili wa nyika hiyo ndiko iliko nyanda ya juu ya kreta. Wasukuma wa zamani walifunga safari za miguu kwenda kuchota chumvi Ziwa Eyasi, ambalo liko chini ya nyanda hiyo. Naye Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria, alipita njia hiyo mwaka 1892. Mwezi Machi alishuka kretani, kisha akaendelea magharibi kupitia Serengeti hadi Ziwa Viktoria. Aliyoyaona njiani hayafurahishi. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wa Wamasai, na watu waliobaki mifupa mitupu walizunguka kambi yake wakiomba chakula. Nchi ambayo baadaye iliitwa tupu, na kwa hiyo ikaonekana inafaa kukodishwa, ilikuwa imetoka katika msiba mkubwa. Jambo hilo halimo katika hati ya kukodi shamba.

Mtafutaji wa habari za familia kama hiyo huanza na kumbukumbu za ardhi. Nyaraka za serikali ya Kijerumani zimehifadhiwa Dar es Salaam katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, nazo zina thamani kubwa kiasi kwamba mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Nyingine ziko Berlin, katika majalada ya iliyokuwa wizara ya makoloni. Baada ya ardhi hufuata magazeti. Dar es Salaam kulikuwa na Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, na Tanga kulikuwa na Usambara-Post. Magazeti hayo yalitangaza nani amefika kwa meli, nani ameoa, nani amepata mtoto, na hatimaye nani amefariki. Tanzia za wakati huo zilikuwa fupi: jina, mahali alikozaliwa, umri, kazi na ugonjwa. Ugonjwa unaotajwa mara nyingi ni homa ya mkojo mweusi, ambayo iliwapata watu waliougua malaria mara kwa mara huku wakitumia kwinini bila utaratibu.

Msomaji asiyezoea nyaraka hizo atakutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni mwandiko. Makarani wa Kijerumani waliandika kwa herufi za kale ambazo hata Wajerumani wa leo wengi hawawezi kuzisoma bila kujifunza. Cha pili ni tahajia. Mwanza iliandikwa Muansa, Moshi ikaandikwa Moschi, na Arusha ikawa Aruscha. Hata Adolf Siedentopf, ambaye ni Mjerumani, huandikwa pengine kwa f na pengine kwa ph. Anayetafuta jina kwa namna moja tu ya kuliandika atarudi mikono mitupu.

Vita vilipokwisha, kumbukumbu za familia hizo hazikukoma bali zilibadilisha lugha. Waingereza waliwarudisha wakulima wa Kijerumani kwao, na mali zao zikawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Ofisi hiyo iliorodhesha kila kitu kabla ya kuuza, na kwa mtafutaji orodha hizo ni hazina. Shamba la kretani liliangukia mikononi mwa Sir Charles Ross, Mskoti aliyejulikana kwa bunduki zilizobeba jina lake. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na wengi wakafungua mashamba ya kahawa sehemu za Oldeani. Mwaka 1939 vita vilipozuka tena walikamatwa kwa mara ya pili, na baadhi yao wakapelekwa kambini Afrika ya Kusini. Ndiyo maana tanzia za watu waliolima kahawa Tanganyika huonekana leo katika magazeti ya nchi ambazo hazikuhusika kabisa na kahawa hiyo.

Kuhusu ndugu Siedentopf, alama zao bado zinaonekana hata juu ya uso wa ardhi. Magofu ya nyumba yapo karibu na mto Munge. Imeandikwa na kurudiwa kuandikwa kwamba walikaribisha rafiki zao kuwinda, na kwamba walijaribu kuwafukuza nyumbu kutoka kretani ili ng'ombe wapate malisho. Nyumbu hawakukubali. Bernhard Grzimek, aliyempoteza mwanawe Michael katika ajali ya ndege mwezi Januari 1959 na kumzika ukingoni mwa kreta, aliieneza habari ya wakulima hao duniani kote katika kitabu chake cha Serengeti kilichotoka mwaka huohuo. Kretani yapo pia makaburi ya kale ya mawe. Mary Leakey aliyachimbua mwaka 1941, na mifupa na shanga zilizokuwamo zimeelezwa kwa makini katika maandiko ya wataalamu. Kwa hiyo katika kreta moja wanajulikana watu wa kale sana, na wanajulikana Wajerumani wawili waliokaa miaka michache.

Lakini ni nani aliyejenga nyumba ile? Ni nani aliyechunga ng'ombe wale, akakesha usiku fisi wasiingie zizini? Mashamba ya Wajerumani hayakulimwa na wenyewe. Hapo ndipo karatasi zinapogeuka kuwa chache ghafula.

Si kwamba wafanyakazi hawakuandikwa popote. Waliandikwa sana, ila kwa namna nyingine. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, serikali ilianzisha kipande mwaka 1907. Kila mtu mzima alipewa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, ambazo alipaswa kuzitimiza kwa mwajiri katika muda wa miezi minne. Asiyetimiza aliweza kupelekwa kazini kwa nguvu. Kipande kilihesabu siku, na kikishajaa kazi yake imekwisha. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa wafanyakazi waliotafutwa kuliko wengine wote, katika mashamba ya Tanga na Usambara na katika ujenzi wa reli. Walikwenda kwa miguu majuma mengi.

Wakati wa Waingereza safari hizo ziliendelea kwa ajili ya katani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ikawasafirisha watu kwa maelfu kutoka bara hadi pwani. Lugha ya Kiswahili, ambayo mara nyingi huona yale ambayo makarani hawayaoni, iliwapa watu hao jina linalowafaa kabisa: manamba. Mtu alitoka nyumbani akiitwa Mabula au Shija, akafika Tanga akiwa namba. Alipokufa huko, katika hesabu za shamba ilipungua namba. Nyumbani walisubiri. Zipo koo nyingi katika Usukuma ambazo hadi leo husema juu ya babu mmoja kwamba alikwenda katani hakurudi, na habari yake inaishia hapo. Hakuna gazeti lililotoa tanzia yake.

Hali ilikuwa hiyohiyo kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri huko kulichukua zaidi ya miaka mia moja.

Ndipo unapoonekana uzito wa kitabu cha ubatizo. Mmisionari wa Leipzig kule Kilimanjaro, au wa Betheli kule Usambara, hakuwa mtu asiye na mawazo ya wakati wake. Pamoja na hayo, utaratibu wa Kanisa ulimlazimu kufanya jambo ambalo bwana shamba hakulazimika kulifanya: kumwuliza mtu jina lake, jina la baba na mama, mahali alikozaliwa, na nani atasimama kuwa mdhamini wake. Ubatizo haufanyiki kwa namba. Hivyo mchunga ng'ombe au mkata mkonge ambaye katika daftari la mshahara ni tarakimu, katika kitabu cha usharika wa jirani anaweza kuonekana akiwa mtu mzima mwenye wazazi, mke na watoto. Wapo wajukuu waliompata babu yao kwa njia hiyo tu.

Kwa upande wa hapa Busega yafaa ikumbukwe kwamba Injili ilifika kwanza Nassa kwa mikono ya Waanglikana wa CMS katika karne ya kumi na tisa, na kwamba mwaka 1909 kituo hicho kilichukuliwa na misheni ya AIM, ambayo matunda yake ni Kanisa la Africa Inland. Kwa sababu hiyo Mlutheri wa Kalemela anayetafuta habari za mababu zake wa kwanza kubatizwa asione haya kubisha hodi kwa ndugu wa Nassa.

Vitabu vya Kanisa navyo vina kasoro. Makarani wengi waliandika jina la ubatizo wakaliacha la nyumbani. Mtu akiandikwa Petro, basi, Petro ni wengi. Kumbe jina la Kisukuma lingeeleza mambo: Kulwa na Doto ni pacha, Shija amezaliwa akiwafuata pacha, Mabula amekuja wakati wa mvua. Aliyefuta jina Shija alifuta pia habari kwamba kabla yake walizaliwa pacha katika nyumba ile. Aidha, makarani waliotoka pwani au milimani hawakuyazoea matamshi ya majina mengi ya Kisukuma, wakaandika kila mmoja alivyosikia. Ni kosa lilelile la Mjerumani aliyeandika Muansa, ila hili limefanywa na ndugu. Wanawake wameumia zaidi, kwani mara nyingi wameandikwa kuwa mke wa fulani, kama vile mke wa mkulima wa Kijerumani alivyotajwa katika gazeti kwa jina la mumewe tu.

Kuna na adui mwingine, naye ni mchwa. Nyaraka za Siedentopf zimetunzwa katika majengo ya serikali za nchi mbili. Vitabu vya sharika za vijijini hukaa kabatini sakristia, chini ya paa linalovuja, na karani akihama pengine huhama navyo. Kikipotea kitabu kimoja cha miaka ya mwanzo, hakuna nakala Berlin wala Dar es Salaam.

Kwa hiyo mambo machache yanaombwa katika mwaka huu wa kumbukumbu. Vitabu vyote vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala moja ikabidhiwe ofisi ya Dayosisi. Katika kila safu ya jina, karani aandike jina la ubatizo na jina la nyumbani, na mama aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Tanzia zinazosomwa makaburini, ambazo baada ya mazishi huachwa mfukoni mwa msomaji, zikabidhiwe kwa katibu wa usharika siku hiyohiyo. Na wazee waliokwenda katani, ambao sasa wamebaki wachache sana, waulizwe majina ya wenzao waliowazika huko: waliitwa nani, walitoka kijiji gani, shamba lilikuwa lipi. Mwenye kipande cha babu yake sandukuni, au barua iliyotoka Tanga, Korogwe au Muheza, aje nayo ofisini ipigwe picha, kisha arudi nayo nyumbani.