Mashua Iinukayo Juu ya Maji

Leo twapenda kuwapa habari za mashua ndogo ya mfano iliyoundwa chuoni kwetu hapa Kilosa. Mashua hiyo huongozwa kwa redio, nayo ikienda mbio huinuka juu ya maji kwa mabawa yake.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1898, huko New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyotii amri za redio, pasipo waya wala nahodha. Tena tarehe 9 Septemba 1919, katika nchi ya Kanada, chombo chenye mabawa cha Alexander Graham Bell na mwenzake Casey Baldwin kilikwenda kilometa 114 kwa saa.

Je, mabawa huinuaje mashua? Ndege huinuliwa na hewa ipitayo mabawani; mashua hii huinuliwa na maji. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, kwa hiyo bawa dogo latosha. Lakini nguvu imo katika mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuinua huzidi mara nne. Sisi wa Kilosa twaijua nguvu ya maji yaendayo mbio, kwani mwishoni mwa mwaka 2009 mto Mkondoa ulifurika, ukaharibu reli na kuwatoa watu majumbani mwao.

Mashua yetu ya kwanza tuliiunda kwa mbao, ikawa na uzito wa kilo 1 na gramu 600. Ilivuma, ikakata maji, lakini haikuinuka hata kidogo. Wanafunzi wakataka mota kubwa zaidi. Tukawaambia, "Leteni kwanza mizani." Tukaunda ya pili kwa mlingoti wa mkonge, yaani ule mti mrefu utokao katikati ya mkonge wakati wa kuchanua, ambao ukikauka huwa mwepesi sana. Tuliupaka rangi usinywe maji. Pamoja na mota, betri na kipokezi cha redio, uzito wote ukawa kilo 1.

Mabawa tuliyakunja kwa bati la aluminiamu mfano wa herufi V. Mashua ikipanda, sehemu ya bawa hutoka majini, nguvu hupungua, nayo haipandi kupita kiasi. Rafadha tuliiteremsha kwa mhimili mrefu, isitoke majini. Waya wa kupokea mawimbi tuliuinua juu, kwani maji huyameza mawimbi. Hesabu ilituonyesha kwamba bawa la sentimeta mraba 44 ndani ya maji, kwa mwendo wa mita 3 kila sekunde, kama wa mtu akimbiaye polepole, lingebeba kilo hiyo. Nayo ikainuka, watu wakashangilia!

Sasa sikilizeni habari ya nguvu. Betri yetu yaweza kutoa ampea 2.2 kwa saa moja. Mota iendapo mbio hutumia ampea 10. Gawanyeni, mtapata dakika 13 tu. Siku ile, kwa furaha, tulisahau saa, mashua ikazima katikati ya bwawa. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekwisha vua shati apate kuifuata. Tukamshika mkono, kwani hatukujua kina cha maji yale wala kilichomo ndani yake. Tuliketi ukingoni hata jua likakaribia kuchwa, ndipo upepo ulipoileta mashua pwani. Tukakiri mbele ya wanafunzi kwamba kosa ni letu: tulihesabu nguvu ya kwenda, tusihesabu nguvu ya kurudi.

Tangu siku hiyo kengele hulia dakika ya 5, na mashua hurudi. Wanafunzi walipoomba tuipeleke kwenye bwawa la viboko la Mikumi, katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, tulikataa. Maji yale yana wenyewe.

Basi, enyi mtakaounda mashua kama hii, pimeni uzito kabla ya kununua mota, na wekeni akiba ya kurudi kabla ya kuondoka. Mashua ikizama, mkonge mwingine upo. Mtoto hana badala. Kwaherini.