Kupitisha waya mpya katika taa ya zamani
Taa nyingi za chuma tulizorithi kwa wazazi hazina waya wa ardhini. Umeme wetu ni volti 240: waya ukichubuka ndani, kugusa taa kwaweza kuua.

Chomoeni plagi kwanza, kisha muikate. Legezeni waya wa zamani kwenye holda. Fungeni waya mpya, wenye nyaya tatu ndani, kwenye ncha ya chini ya ule wa zamani kwa utepe, mvute kutoka juu; mpya utapanda nao. Waya wa kijani na manjano ukazwe kwenye chuma cha taa. Fyuzi iwe ya ampea 3, si 13. Kabla ya kuwasha, fundi mwenye leseni ya EPRA aikague.