Kocha na Mizani ya Alama 25

Mnamo Februari 2023 Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, kiliubadili mkataba wa Brian Ferentz, mwalimu wa washambuliaji katika timu yake ya kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira mfano wa yai ambao aghalabu hubebwa mikononi. Ijara yake ya mwaka ikapunguzwa kutoka dola 900,000 hadi 850,000, na ikawekwa sharti kwamba timu ishinde michezo isiyopungua 7 na ipate kwa wastani alama zisizopungua 25 kila mchezo, la sivyo mkataba usiendelee.

Atakaye kujua chanzo cha sharti hilo na aukumbuke mchezo wa tarehe 3 Septemba 2022, Iowa ilipoishinda South Dakota State kwa alama 7 kwa 3. Katika hizo 7, alama 3 zilitokana na teke moja lililopita baina ya nguzo, na 4 zililetwa na walinzi, ambao mara mbili walimwangusha mpinzani mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe la mwisho. Washambuliaji hawakuufikisha mpira mwisho wa uwanja hata mara moja. Simlaumu shabiki aliyelipa kiingilio, akarejea nyumbani na ushindi mkononi na moyo umemsinyaa.

Walakini taksiri ya mtu ni jambo moja, na mizani ya kuipimia ni jambo jingine. Sharti lile lilihesabu kila alama ya timu, hata zilizopatikana na walinzi, kwa hiyo Brian angaliweza kuongezewa muda kwa jasho la wanafunzi wa Phil Parker, mwalimu wa ulinzi. Tena kocha mkuu tangu 1999 ni Kirk Ferentz, baba yake mzazi, na mtindo wa kuutunza mpira, kuchelea makosa, na kuupiga mbali kwa teke ili mpinzani aanze safari yake akiwa na uwanja mrefu mbele yake, ulikuwa wa baba kabla haujawa wa mwana. Mwaka 2023 Tory Taylor, kijana wa Australia mwenye kazi hiyo ya kupiga mateke, aliusafirisha mpira jumla ya yadi 4,479, akaivunja rekodi iliyodumu tangu 1938. Timu iliyojengwa hivyo utaihukumuje kwa wingi wa alama?

Ongezeni na kudura: tarehe 30 Septemba mrushaji wao, Cade McNamara, aliumia goti, na msimu wake ukaishia hapo. Tarehe 30 Oktoba, timu ikiwa imeshinda 6 na kushindwa 2, chuo kikatangaza kwamba Brian ataondoka msimu ukiisha. Ulipoisha, wastani ulikuwa 15.4, na mbele ya Penn State, Michigan na Tennessee hawakupata hata alama moja; ilhali michezo waliyoshinda ilikuwa 10.

Insafu yanilazimu kusema kwamba alistahili kuondoka, kwani washambuliaji wake hawakuwa wakiendelea. Lakini hilo lilionekana wazi kwa mtu yeyote aliyetazama wameupokea mpira wapi na wameufikisha wapi, na kama kijana wa Novemba anajua zaidi ya alivyojua Septemba. Na hayo ndiyo ningaliyaandika mkatabani, wala si alama 25.

Mwaka 2024 nafasi yake ilishikwa na Tim Lester. Mchezaji wake Kaleb Johnson akakimbia na mpira zaidi ya yadi 1,500, na wastani ukapita alama 27, yaani Lester angalilitimiza sharti lile pasi na taabu. Mwaka huo Iowa ilishinda michezo 8 na kushindwa 5.