Wakili mwenye paspoti mbili: maneno tuliyozungumza na vijana Kanduyi



Asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka mbali kwa boda na jua lenyewe mnaliona. Sitawaweka sana.

Naanza na dada yetu mmoja, jina lake naliacha. Mamake ni wa hapa Bungoma, babake ni wa Mbale. Alizaliwa kule Mbale mwaka 2003, akaletwa kwa nyanya yake akiwa bado ananyonya, akasomea hapa hapa mpaka fomu four. Sasa yuko chuo kikuu, anasoma sheria. Ana paspoti ya Uganda kwa upande wa baba. Siku alipokwenda kuomba kipande, afisa mmoja akamwangalia akamwambia: wewe ni Mganda, na hata ukipewa kipande, mtu wa nchi mbili hawezi kuwa wakili Kenya. Alirudi nyumbani akaanza kufunga vitabu kwenye sanduku. Karo ya muhula huo mamake alikuwa ameuza ng'ombe.

Yule afisa alikosea mara mbili, na nataka tuyaone makosa yote mawili, kwa sababu kesho anayeambiwa hivyo ni wewe.

La kwanza ni uraia. Chini ya katiba ya zamani, mtoto akizaliwa nje ya Kenya alifuata uraia wa baba. Mama Mkenya hakuhesabiwa. Katiba ya 2010 iliondoa hilo. Ibara ya 14 inasema wewe ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa mama AU baba yako alikuwa raia, uwe ulizaliwa Kenya au nje. Halafu ikaongeza kwamba hii inawahusu hata waliozaliwa kabla ya katiba hiyo kuanza. Yaani yule mtoto wa Mbale wa 2003 yumo ndani. Haombi uraia, anao tayari. Anachoomba pale dirishani ni karatasi tu. Na ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine.

La pili ni uwakili. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 12, inataka mambo mawili: uwe raia, na uwe umehitimu. Kuhitimu ni digrii ya sheria, Kenya School of Law pale Karen, mitihani, na muda wa kujifunza kazi chini ya wakili mwenye uzoefu. Ukiapishwa jina linaingia kwenye rejista ya mawakili, na kila mwaka unachukua cheti cha kufanyia kazi. Soma kifungu chote, hakuna mahali kinasema "na asiwe raia wa kwingine." Tena cha kuchekesha ni kwamba kifungu hicho hicho kinawataja raia wa Uganda na Tanzania kuwa wanaweza kukubaliwa hapa, kwa masharti yake. Kwa hivyo hata angekuwa Mganda mtupu, lile jibu la "huwezi" halikuwa sahihi!

Basi afisa aliyatoa wapi? Nadhani alichanganya na ibara ya 78. Hiyo inasema afisa wa dola na mwanajeshi wasiwe na uraia wa nchi mbili. Mbunge, gavana, MCA, waziri, Mwanasheria Mkuu, wote wamo. Majaji wameachwa nje ya katazo hilo, lakini ukisoma maneno yalivyo, mahakimu hawakuachwa. Yaani mwenye paspoti mbili anaweza kuwa jaji wa Mahakama Kuu na asiweze kuwa hakimu wa korti ya chini. Msiniulize kwa nini, mimi sikuiandika. Lakini wakili wa kawaida si afisa wa dola. Ni mtu na ofisi yake na wateja wake.

Mnakumbuka Miguna Miguna. Alitoroka nchi miaka ya themanini akiwa kiongozi wa wanafunzi, akapata uraia wa Canada, akawa wakili kule Ontario, akarudi. Mwaka 2017 aligombea ugavana wa Nairobi, hakuna aliyemzuia kwa ajili ya Canada. Januari 30, 2018 akamwapisha Raila pale Uhuru Park. Wiki moja baadaye, wamemweka kwenye ndege, wakisema si Mkenya. Machi akarudi, akazuiliwa uwanja wa JKIA, akatolewa tena. Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba ni raia wa kuzaliwa na haki zake zilivunjwa, akaagiza alipwe fidia ya Sh7 milioni. Na bado hakuingia nchini mpaka Oktoba 2022, serikali ilipobadilika. Umpende usimpende, na wengi hapa hamumpendi, angalia tu: karatasi ilitafutwa siku alipowaudhi wakubwa.

Na hapo ndipo wasiwasi wangu uko. Sisi tunajua kuulizwa maswali ambayo jirani haulizwi. Nani hapa hajaambiwa alete kipande cha babu kwa sababu ya jina lake? Mimi niliambiwa. Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba ule uchunguzi wa ziada wa vipande uishe, lakini nyinyi mnajua tangazo na dirisha si kitu kimoja.

Kwa hivyo usiache mlango wazi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka raia wa kuzaliwa mwenye uraia wa pili aujulishe, ndani ya miezi 3 tangu aupate, na kuficha ni kosa lenye faini na jela. Paspoti ya pili haikuzuii kuwa wakili, ila kesi ya kuificha inaweza kukuharibia jina ambalo wakili analihitaji kuliko gari. Ujulishe kwa maandishi, nakala igongwe muhuri, uiweke. Kama una mjomba aliyechukua uraia wa nje kabla ya Agosti 2010, mwambie ana haki ya kurudishiwa wa Kenya, lakini lazima aombe, haujirudii wenyewe. Na aliyepata uraia kwa kuandikishwa, si kwa kuzaliwa, ajue wake unaweza kuondolewa, kwa mfano ikionekana alidanganya.

Dada yetu amevirudisha vitabu mezani. Kipande bado. Jumamosi baada ya Adhuhuri tunakwenda naye tena dirishani, watu watatu, na cheti cha kuzaliwa, kipande cha mamake, na ibara ya 14 imechapishwa kwa herufi kubwa. Anayetaka kuja na yake, alete nakala mbili mbili.